Residensi ya magonjwa ya ndani Marekani: ukitaka feloshipu, nenda kwenye feloshipu yake. Nani anabisha?

#1 Bundi_wa_Zamu
Wakuu, salamu. Msimu wa kupanga orodha za NRMP (mfumo unaolinganisha madaktari na programu za residensi, yaani mafunzo ya ubingwa baada ya chuo) umefika na swali ni lilelile: "nimefanya usaili programu tatu, nataka moyo, ipi niiweke juu?"

Naweka hoja yangu mezani. Kwa anayelenga feloshipu (mafunzo ya fani ndogo baada ya residensi) zinazogombewa (moyo, mfumo wa chakula, damu na saratani, mapafu na ICU), kigezo cha kwanza ni feloshipu hiyo kuwepo ndani ya hospitali hiyohiyo. Jina la chuo linafuata, jiji linafuata mbali zaidi.

Sababu ni kalenda. Residensi ni miezi 36, lakini maombi ya feloshipu yanaingia ERAS (mfumo wa maombi mtandaoni) Julai ileile unayoanza mwaka wa tatu, na Match yake (matokeo ya nani kapangiwa wapi) inatoka mwanzoni mwa Desemba. Kwa hiyo una miezi 24 tu ya kujenga jina, na 12 ya kwanza inamezwa na wodi. Huo si muda wa kwenda kubisha hodi hospitali za watu. Penye feloshipu, wa kukuandikia barua mnapishana kwenye korido.

Tuchukue mfano tubishane vizuri:
A: chuo kikuu kikubwa, residenti 45 kwa mwaka, feloshipu ya moyo nafasi 8.
B: hospitali ya jamii yenye ushirika na chuo, residenti 15, feloshipu ya moyo nafasi 3.
C: hospitali ya jamii, residenti 12, haina feloshipu yoyote, ila maabara ya katheta (ya kuchunguza na kuzibua mishipa ya moyo) haipumui kwa kazi.

Mimi napanga B, A, C. Haya.

#2 Tachikadia
Mkuu, hesabu yako imeishia nusu. Nafasi 3 za B si nafasi 3 za watu wa B. Wakurugenzi wengi wa feloshipu wanachanganya damu, yaani mmoja wa ndani na waliobaki wa nje, na kuna mwaka hawachukui wa ndani hata mmoja. Kwenye kundi la residenti 15, wanaotaka moyo wakiwa 5 (si ajabu kabisa), mnagombania kiti kimoja, na wanaowapima wamewaona mkiwa hamjalala.

Swali la kuuliza si "mna feloshipu?" Uliza hivi: kwa miaka 5 iliyopita, wangapi wa ndani waliomba moyo, wangapi walibaki hapa, wangapi walikwenda kwingine, wangapi walikosa? Wakijibu sehemu mbili za mwanzo na kuruka ya mwisho, umeshajibiwa.

#3 Mpitanjia77
A. Jina ni jina. Uzi ufungwe.

#4 Nyongo
Naongezea kwa #2. Zile orodha za "wahitimu wetu walikwenda wapi" kwenye tovuti zinasomwa vibaya mno. Mambo ya kukagua:

Kwanza, wahitimu ni wangapi? "Watu 8 wamepata moyo ndani ya miaka 5" ni habari kubwa kama programu inatoa wahitimu 10 kwa mwaka (8 kati ya 50). Kama inatoa 45, ni 8 kati ya 225, na hapo ni kilio.

Pili, walipata lini? Baadhi wanaotajwa walifanya kwanza kazi ya hospitalisti (daktari wa wagonjwa waliolazwa) mwaka mmoja au miwili, wengine walikuwa machifu residenti (viongozi wa residenti), ambao kwa magonjwa ya ndani kwa kawaida ni mwaka wa nne wa ziada. Tovuti inawaweka wote kapu moja.

Tatu, wahitimu wa vyuo vya nje ya Marekani wamo? Programu yenye nusu ya residenti kutoka nje, halafu waliopata mfumo wa chakula wote ni wa vyuo vya Marekani, hiyo orodha haikuhusu.

Na waliokosa hawaandikwi popote. Wanaitwa "wameamua kuwa hospitalisti".

#5 MamaKreatinini
Nimesoma #1 mara mbili kutafuta figo. Haimo. Sawa.

#6 Bundi_wa_Zamu
@MamaKreatinini dada nilikuwa nakusubiri, nikajua hutapita bila kusaini kitabu cha wageni 😂. Nilisema feloshipu *zinazogombewa*. Figo mnaita watu kwa kipaza sauti.

@Nyongo nakubali yote matatu. Lakini hata orodha ikisomwa vizuri bado inanipa ushindi: wanaobaki ndani ni wengi kuliko mnavyotaka kukiri.

#7 Karatasi_na_Viza
Mnajadili sebule kabla ya mlango. Kwa asiye raia wala mkazi wa kudumu, swali la kwanza ni viza, kwa sababu inaamua feloshipu kabla hujavaa koti.

J-1 (viza ya mafunzo): mdhamini ni ECFMG (chombo kinachohakiki madaktari waliosoma nje ya Marekani), ambayo sasa iko chini ya shirika la Intealth. Ukomo wa kawaida ni miaka 7 ya mafunzo. Kila unapoingia fani mpya unahitaji barua ya wizara ya afya ya nchi yako kwamba fani hiyo inahitajika. Usifikiri barua ya residensi itakubeba hadi feloshipu. Ni barua nyingine, na ofisi nyingine za wizara zinachukua miezi. Mwisho wa yote kuna sharti la kurudi nyumbani miaka 2, au kupata msamaha. Njia maarufu ni Conrad 30: kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka, unafanya kazi miaka 3 penye uhaba wa madaktari. Majimbo mengine yanatanguliza madaktari wa huduma ya msingi, kwa hiyo bingwa wa fani ndogo anaweza kusubiri nyuma ya foleni.

H-1B (viza ya kazi): ukomo ni miaka 6, na lazima uwe umefaulu Step 3 (mtihani wa mwisho wa leseni) kabla hospitali haijakuombea. Residensi 3 + moyo 3 = 6, imeisha hapohapo. Na feloshipu nyingi zinapokea J-1 peke yake. Zaidi ya hapo, tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi, kwa hiyo programu iliyokuwa inatoa H-1B zamani iulizwe upya, kwa maandishi.

Sasa linganisha wawili waliokosa Match ya feloshipu. Wa H-1B anaweza kufanya kazi ya hospitalisti mwaka mmoja na kuomba tena, ila amebakiwa na miaka 2 na feloshipu ya moyo ni 3. Bila mchakato wa ukazi wa kudumu kuwa umeanza, hesabu haifungi. Wa J-1 hana huo mwaka wa kupumzika: ama apate mafunzo mengine, ama arudi, ama aombe msamaha na atumikie miaka 3 kwa H-1B, kisha abakiwe na miaka 3 ya H-1B kwa feloshipu, tena kwa programu chache zinazoikubali.

Kwa hiyo kati ya A, B na C, jibu langu ni swali: zinatoa viza gani, na feloshipu za ndani zinatoa gani? Kuna sehemu residensi inatoa H-1B na feloshipu ya ghorofa ya juu haitoi.

#8 Tachikadia
#7 safi sana. Ongeza fani juu ya fani. Moyo 3, kisha katheta za mishipa ya moyo mwaka 1: jumla na residensi ni 7, J-1 imejaa ukingoni. Ukishika mwaka wa chifu residenti katikati, nao unahesabika, umefika 8.

#9 Mpitanjia77
Si achukue umeme wa moyo, nao ni mwaka 1.

#10 Tachikadia
@Mpitanjia77 hapana mkuu, umeme wa moyo ni miaka 2. Mwaka 1 ni katheta, na pia moyo kushindwa na upandikizaji wa moyo. 3+3+2 ni 8, kwa J-1 hapo unaomba nyongeza ya pekee, na haitolewi kama peremende.

#11 Ikisiri
Bundi amesema miezi 24. Kwa utafiti hata hiyo 24 huna. Angalieni kalenda za mikutano:

ASH (damu) hukaa Desemba, ikisiri (muhtasari wa utafiti unaopelekwa mkutanoni) hufungwa mwanzoni mwa Agosti. Ukiomba Julai ya mwaka wa tatu, ASH ya mwisho itakayoonekana kwenye fomu yako ni ya Desemba ya mwaka wa pili, yaani ikisiri imefungwa mwezi wa pili wa mwaka wa pili. Data zote zimekusanywa ukiwa intani (residenti wa mwaka wa kwanza). AHA (moyo) hukaa Novemba na kufunga karibu Juni, hivyo ni mwishoni mwa mwaka wa kwanza. ATS ya mapafu na DDW ya mfumo wa chakula hukaa Mei, na kufunga majira ya Oktoba hadi Desemba, hapo una pumzi kidogo. ASCO (saratani) hufunga karibu Februari na kukaa mwishoni mwa Mei na Juni, inaingia kwa meno.

Kinachochelewesha mara nyingi ni kamati ya maadili na ruhusa ya kutoa data kwenye mfumo wa majalada kuliko uandishi wenyewe. Programu yenye mtu wa takwimu anayelipwa na idara, na miradi ya kupitia majalada iliyokwisha pata kibali, inakuokolea miezi. Uliza: "intani akijiunga na mradi Septemba, ikisiri ya kwanza hutoka lini?" Jibu la "tunahamasisha sana utafiti" ni sawa na hakuna.

Hapa A inashinda kwa kawaida. Si kwa jina, kwa miundombinu.

#12 Nyongo
@Ikisiri kuna mlango wa C pia: data za taifa. NIS ya HCUP (hifadhidata ya taifa ya kulazwa hospitalini) inauzwa kwa yeyote mwenye kukamilisha mafunzo na mkataba wa matumizi, huhitaji majalada ya hospitali yako. Residenti wa hospitali ndogo wanatoa ikisiri nyingi kwa njia hiyo.

#13 Ikisiri
Ndiyo, na wasomaji wa maombi wanalijua hilo. Tatizo la NIS ni kwamba kila mstari ni *kulazwa*, si mgonjwa. Mtu aliyelazwa mara 4 ni mistari 4, wala hujui alipotoka hospitali alikwenda kufa au kupona. Halafu misimbo ya magonjwa ilihamia toleo la ICD-10 Oktoba 2015, kwa hiyo mwelekeo wa miaka unaovuka hapo unaweza kuonyesha ugonjwa "umepanda" kumbe ni karani amebadilisha kitabu. Ukiulizwa hilo kwenye usaili ukababaika, machapisho 12 yanageuka mzigo.

#14 Dkt_Kimya
Kwa anayetaka kuchunguza wagonjwa kulazwa tena, atumie NRD (hifadhidata ndugu) badala ya NIS. Inaunganisha kulazwa kwa mgonjwa mmoja, lakini ndani ya jimbo moja na mwaka mmoja wa kalenda tu. Kwa kipimo cha siku 30, ondoa waliotoka Desemba, maana Januari huwaoni.

#15 Mzee_wa_Wodi
Hakuna aliyegusa ratiba, na ndiyo inayoua watu kimyakimya.

Ombi la feloshipu linabeba barua zisizozidi 4. Moja ni ya mkurugenzi wa programu. Zilizobaki, angalau 2 zitoke kwa mabingwa wa fani unayoomba. Bingwa anaandika barua yenye nyama akikuona wiki 4 mfululizo, si siku 2. Sasa fungua ratiba ya programu uone: intani anaingia kitengo cha moyo mwezi gani? Wiki za kuchagua mwenyewe zinaanza lini? Kuna programu zinazoweka wiki hizo karibu zote mwaka wa tatu. Zinapendeza machoni, lakini maombi yalishakwenda.

Kanuni za ACGME (chombo kinachotoa ithibati kwa programu za mafunzo) za Julai 2022 zinataka angalau miezi 6 ya mafunzo yanayofuata malengo ya residenti mwenyewe. Kila programu itakwambia "tunatimiza". Wewe uliza imekaa wapi kwenye miaka 3.

Mfumo wa kliniki nao. Penye 4+1, wiki 4 za wodi kisha 1 ya kliniki, ile wiki ya tano mara nyingi ina nusu siku mbili tatu za wazi, na ndizo zinazozaa ikisiri za @Ikisiri. Penye mfumo wa zamani, kliniki nusu siku kila wiki katikati ya wodi, huzipati, na unakimbia kliniki mgonjwa akishuka presha.

Kuhusu C. Pasipo na mafelo (madaktari walio kwenye feloshipu), mirija ya mishipa mikubwa ya damu, mirija ya kifua na mashauri ya fani yanaangukia kwa residenti. Bingwa anakufundisha moja kwa moja. Penye mafelo, mara nyingi residenti anaandika noti na felo anashika sindano. Kwa mikono, C inaweza kuwapita wote. Barua ya C ndiyo nyepesi, kwa sababu anayesoma hamjui aliyeandika.

#16 Mpitanjia77
Kwa hiyo mmezunguka kurasa nzima mkarudi kwangu: A. Barua ya mtu anayejulikana.

#17 Mzee_wa_Wodi
Anayejulikana akiandika "alifika kwa wakati na ni mchangamfu" umekufa. Kwenye kundi la 45, mkuu wa idara hajui uso wako mpaka uvunje kitu.

#18 Sindano_Kavu
Swali la mgeni: nina usaili A na B lakini A naona ni ndoto. Nikiiweka A juu si nitapoteza nafasi ya kwanza? Niweke B kwanza nijihakikishie?

#19 Dkt_Kimya
Hapana. Algorithimu ya NRMP tangu 1998 inaanzia upande wa mwombaji. Inakujaribu A kwanza. Ikishindikana inakupeleka B na unapimwa huko sawasawa na kama ungeiweka B ya kwanza. Hakuna adhabu ya kujaribu. Panga kwa unavyotaka kweli, si kwa unavyodhani watakutaka.

Barua pepe za "tumekuweka juu sana" hazimfungi yeyote. Na kanuni za NRMP zinakataza programu kukuuliza utawapanga nafasi ya ngapi.

#20 Karatasi_na_Viza
Na @Sindano_Kavu angalia namba ya programu unapopanga. Hospitali moja inaweza kuwa na nafasi za miaka 3 na za awali za mwaka 1, namba tofauti. Ukiingia ya mwaka 1 kwa kudhani ni ya 3, mwaka unaofuata unaanza kutafuta upya, na saa ya J-1 inahesabu.

#21 Sindano_Kavu
Asanteni, nimekwenda kuhakiki sasa hivi.

#22 MamaKreatinini
Mmenisubirisha vya kutosha. Figo ni miaka 2. Ukimaliza, ICU ni mwaka 1 juu yake. 3+2+1 ni 6, J-1 imetosha na mwaka mmoja umebaki. Mwenzako anagombania mapafu na ICU miaka 3 na waombaji wamejazana. Wewe unafika ICU kwa mlango ambao kila Desemba una viti vitupu. Na ukiwa ICU unaendesha mashine ya dayalisisi mwenyewe wakati wao wanapiga simu usiku kuniamsha.

#23 Tachikadia
Dada, viti viko vitupu kwa sababu. Miaka 2 zaidi ya mafunzo, kisha mara nyingi malipo hayamzidi hospitalisti aliyeanza kazi siku uliyoanza feloshipu.

#24 MamaKreatinini
Malipo yanategemea kama umeingia ubia kwenye vituo vya dayalisisi au umeajiriwa. Usiongee kama mtu wa takwimu za #4.
Kuhusu viti vitupu, wengine wanasema ni kuitwa kazini usiku, wengine kwamba wanafunzi wanaona figo wodini tu na hawaoni kliniki ya upandikizaji. Magonjwa ya kuambukiza nao wana viti vitupu na hawana mashine za usiku. Kwa hiyo sababu yako moja haitoshi.

#25 Nyongo
Nirudishe uzi njiani. Wote tunadhani programu inatengeneza mtu. Inawezekana ni kinyume: A inachukua watu ambao wangepata feloshipu hata wakiwekwa C. Alama za Step 2 CK (mtihani wa leseni wa maarifa ya kliniki), machapisho ya kabla ya residensi, Kiingereza cha usaili, vyote vilikuwepo kabla. Step 1 ilipogeuka ya kufaulu au kufeli tu, Januari 2022, kichujio kimoja kikaondoka, na nahisi jina la residensi limebeba sehemu ya uzito huo. Lakini kama ni uchujaji, basi mtu mzuri akienda C asipate hasara mnayoisema.

#26 Ikisiri
Angepata hasara ya miezi niliyoitaja #11. Akili nzuri haisogezi tarehe ya ikisiri.

#27 Bundi_wa_Zamu
@Nyongo na kama ni uchujaji, feloshipu ya ndani bado inasaidia: ni sehemu pekee ambapo wanaokuchagua wana zaidi ya karatasi. Sihami B. Ila nakubali kuongeza sharti la @Tachikadia: ionyeshe inawachukua wake.

#28 Dkt_Kimya
Bado ithibati hamjaitaja. Feloshipu za fani ndogo zinaning'inia kwenye residensi mama; mama akinyang'anywa ithibati, watoto wanakwenda naye. Ingia tovuti ya wazi ya ACGME, tafuta hospitali, soma hali ya residensi na ya feloshipu unayoitaka. "Ithibati ya awali" maana yake ni changa, hakuna historia ya wahitimu. Ukiona onyo au ithibati ya majaribio, uliza kwa nini. ABIM (bodi ya mitihani ya ubingwa wa magonjwa ya ndani) nayo huchapisha kiwango cha kufaulu mtihani kwa mara ya kwanza kwa kila programu, kwa miaka 3 kwa pamoja. Mtihani huo unafanywa Agosti, wiki chache baada ya kuanza feloshipu, na bila kuufaulu hukai mtihani wa fani.

Na hospitali hufungwa. Hahnemann ya Philadelphia ilifungwa 2019, residenti na mafelo zaidi ya 500 wakatawanyika. Hali ya fedha ya mmiliki ni swali halali.

#29 Sindano_Kavu
Nimerudi. Namba ya B ni ya miaka 3, iko sawa. Lakini feloshipu yao ya moyo inaonyesha ithibati ya awali, na bado haijatoa mhitimu hata mmoja.

#30 Tachikadia
@Bundi_wa_Zamu njoo ujibu hapa 😂

#31 Bundi_wa_Zamu
Feloshipu changa ina njaa ya watu inaowafahamu, kwa hiyo kwa kiti cha ndani inaweza kuwa nzuri kuliko kongwe. Hatari ni idadi ya kazi. @Sindano_Kavu waulize wana mabingwa wangapi wa moyo walioajiriwa kudumu, katheta ngapi kwa mwaka, na kama kuna kifaa cha kufanya TEE (picha ya moyo kwa kifaa kinachopitishwa kooni) ndani au wagonjwa wanapelekwa kwingine. Na viza kama #7. Ukipata majibu yaweke hapa.

#32 Mpitanjia77
A.